Magurudumu Manane ya Bwana Mulei

Baada ya miaka ishirini na saba ya kutundika, kushusha na kutundika tena, Bwana Philip Mulei, mtunza sanaa wa Jumba la Makumbusho la Chania, anastaafu tarehe 30 Juni 1998. Thika nzima ina habari, maana ameialika yote, hata waliotaka kumfukuza.

Aliajiriwa mwaka 1971 akiwa seremala. Akapandishwa cheo kwa kuwa hakuna mwingine aliyejua msumari upi unabeba picha ipi.

Vitu viwili vilimkosesha usingizi: jogoo wa mti, mchongo wa zamani sana, na picha kubwa ya akina mama wachuma kahawa wa Ruiru waliogoma, wamekunja mikono. Jogoo ni nembo ya chama tawala, basi mwaka 1992 wakuu wa chama walituagiza kumweka mlangoni na kuwafungia akina mama stoo. Uchaguzi ulipokwisha, madiwani wapya wa upinzani wakataka akina mama mlangoni na jogoo apasuliwe kuni. Kila upande uliapa kumfukuza Mulei asipotii. Barua mbili zilikuwa tayari, nilizichapa mimi.

Mulei hakubishana na mtu. Alimwendea Navneet wa kiwanda cha nguo, akapewa magurudumu manane ya mikokoteni mikuukuu, akafunga manne chini ya jogoo na manne chini ya kiunzi cha picha. Tangu hapo simu ikilia tuliuliza tu nani anakuja, kisha tukasukuma anachokitaka mlangoni na kingine stoo.

Machi 1993, pande zote mbili zikaja saa nne ile ile.

"Wamboi, sukuma hao wamama, mimi niko na hii kuku!" Mulei alinipigia kelele. Tukasukuma, tukagongana katikati ya ukumbi, tukaanguka chali. Waheshimiwa wakaingia kwa milango miwili, wakatukuta sakafuni. Mkuu mmoja alicheka mpaka kofia ikamdondoka, diwani akamwokotea, na hakuna aliyethubutu kutoa amri mbele ya mwenzake. Jogoo na akina mama wamekaa hapo katikati mpaka leo. Zile barua niliwashia jiko la chai, kwa furaha kubwa.

Ijumaa iliyopita tulimkuta Mulei amepiga magoti na bisibisi, akifungua magurudumu, moja baada ya jingine. Alitukabidhi yote manane kwenye kikapu. Jamani, tulilia.

Asante sana, Mulei. Pumzika vyema huko Mwiki, afya iwe nawe, na uje kuwaona jogoo na akina mama siku yoyote upendayo. Hawaendi popote.

Wamboi, mpiga chapa