Kilima Alichokikalia Mong'ina

Pale Suna, nyuma ya kinu cha kusaga unga, kuna benchi lenye miguu mitatu na tofali moja. Wanaume hulikalia kila alasiri wakinywa kahawa ya tangawizi ya Mong'ina, na kwa kikombe kimoja mtu hukaa mpaka suruali inashika umbo la mbao. Ijumaa hii walikuwa watatu. Mokua mwenye kinu walimwita Machweo, kwa kuwa ni Msabato na Ijumaa hufunga kinu jua likianza tu kuinama. Fanuel wa bodaboda walimwita Breki, kitu ambacho pikipiki yake haina. Omanga, mchimba dhahabu wa Osiri, walimwita Karati, kipimo cha dhahabu, ingawa dhahabu yote aliyowahi kupata haingejaza jino. Sururu yake ilikuwa imeegemea benchi.

Mong'ina alikuwa kwa debe lake karibu na jiko, kichwa kikimgonga tangu asubuhi. Ni presha. Nesi Celestine wa zahanati alimpima, akakunja uso, akamwambia asikae kwa makaa siku nzima, na kila Jumapili apande kilima cha nyuma ya shule na kikundi cha wazee. Kutembea tu, mikono mitupu, mpaka jasho litoke. Baada ya mwezi angempima tena, na isiposhuka angeanza dawa za kila siku. Kupimwa kwenyewe ni Jumatatu.

Jumapili iliyopita, walipofika juu, nesi aliwaambia wakae kwa nyasi, wafumbe macho, wanyamaze, wavute pumzi. Wakakaa. Wachimbaji waliokuwa wakipita chini wakawaona. Na kwa watu wa migodi, wazee kumi na wawili wakikaa kimya juu ya kilima hawapumziki. Wamekalia mwamba wenye dhahabu, wanaulinda ili mwingine asiuchukue, vile wachimbaji wenyewe hufanya. Kufika Jumatano kilima chote kilikuwa kimetobolewa, na njia ya kupandia ni mashimo matupu.

— Mama, tuambie ukweli, Karati alisema. Kama hamkuwa mnalinda kitu, mlikuwa mnafanya nini?

— Tulikuwa tunapumua.

— Kupumua si hata hapa mtu anapumua?

Mong'ina alichochea makaa. Maisha yake yote alitembea na kitu kichwani, ndizi au maji, au mtoto mgongoni. Kupanda bila kitu na kushuka bila kitu kulimfanya ajione kama mwizi aliyekuta nyumba haina vyombo. Lakini usiku ule wa Jumapili alilala mpaka jogoo, na kichwa kikanyamaza hadi Jumanne. Hakumwambia mtu. Hakujua kama ni miguu iliyomsaidia, au ni hicho kitu kilichokuwa chini ya makalio yake, kama kilikuwepo.

Karati akaendelea. Alisema simu ya nesi, ile wanayoambiwa inahesabu hatua zao kilimani, haihesabu hatua, inasikiliza mwamba. Breki akakataa kabisa. Yeye alisikia kwa abiria kwamba siku hizi wazungu wananunua hewa safi, kwa hivyo wazee wanapandishwa kilimani kupumua, na pumzi yao inauzwa. Machweo akawaangalia kama watoto. Akawaeleza kwamba ziwa linapanda, limeshameza mashamba huko Homa Bay, na serikali inawazoesha wazee kukimbilia juu kwa sababu ndio wazito.

— Na mbona nesi huwarudisha chini? Breki akauliza.

— Hayo ni mazoezi. Maji bado.

Hapo mwanamke mmoja akatua beseni la omena, dagaa wa ziwani. Jina lake Filister, ametoka Homa Bay na hawakuwa wamewahi kumwona hapo. Aliomba kahawa, akawasikiliza mpaka kikombe kikafika nusu.

— Na hiyo presha ya dani, imeshuka? aliuliza, akimwita Mong'ina nyanya kwa Kijaluo.

Karati akamtazama Machweo. Machweo akatazama jua. Siku tano walikuwa wamepima kilima kwa kamba na kwa hatua, na hakuna aliyeuliza hilo. Mong'ina alichojua ni kwamba keshokutwa hana pa kupanda, na Jumatatu mkono wake utafungwa kile kitambaa cha kupimia.

Akasimama. Akamnyang'anya Karati kikombe kikiwa na kahawa bado, akaimwaga kwenye makaa, akamwambia Filister afunike sufuria akimaliza. Kisha akashika njia ya kwenda Uriri, si ya kilimani, mikono mitupu.

— Mama, unaenda wapi? Karati aliita.

Hata yeye hakujua. Nyuma yake alisikia benchi likianguka upande wa tofali, halafu chuma cha sururu kikigonga jiwe, halafu viatu vikimfuata. Hakugeuka. Aliongeza mwendo, na kabla hajafika kwa kona jasho lilikuwa limeanza kutoka.