Maharage ya Ukweni

Kijiwe cha Ringwani kiko mbele ya karakana ya Gidion, fundi seremala wanayemwita Msumari kwa sababu akishika neno hang'oki. Benchi lenyewe ni mlango uliokataliwa na mteja, ukapigiliwa miguu minne. Simon muuza kahawa hufika saa mbili na birika lake, na ikifika saa nne mambo ya dunia huwa yamekwisha kuamuliwa. Asubuhi hiyo ya Januari kulikuwa na jambo moja tu: maharage ya Rubeni. Yalitoa maua shamba zima, kisha maua yakapukutika bila kuacha ganda. Rubeni mwenyewe alikaa mwisho wa benchi, kikombe mkononi, simu pajani. Jana alimpigia shemeji yake Vincent, kule Susuni, aje na pikipiki. Alfajiri alimwambia mkewe, Kezia, afunge nguo zake. Sasa alikuwa anangoja benchi limwambie kwamba hajakosea.

– Ni nyuki, alisema Msumari. – Nyuki wa siku hizi wamezoea soda. Nenda dukani kwa Gloria uone wanavyojaa kwenye chupa. Nyuki aliyeonja soda atahangaika na ua la maharage?

– Na shamba lako? aliuliza Heche, ambaye jina lake la kijiweni ni Redio. – Si mnapakana?

– Langu limezaa. Si sana, lakini tunakula.

– Basi hao nyuki wanakunywa soda wakitoka kwako au wakienda kwake?

Msumari alikunywa kahawa. Rubeni hakucheka. Hilo ndilo lililomkosesha usingizi: mpaka mmoja, mvua moja, jembe moja la ng'ombe. Msumari alipanda mbegu ya hapahapa, iliyorithiwa tangu kwa bibi yake. Yeye alipanda ya ukweni. Kezia alikwenda Susuni kumwonyesha mama yake mtoto wa pili, na mwanamke akitoka kwao na mtoto mchanga harudi mikono mitupu. Alirudi na mbegu. Mbegu ya namna hiyo haikataliwi, wala haipandwi pembeni. Rubeni aliipa shamba lote la bondeni.

– Mimi nimesikia, alianza Redio, na Simon akasimamisha birika, kwa maana Redio akisema amesikia, hakuna anayejua amesikia kwa nani. – Nimesikia ni yale maputo ya watalii kule hifadhini. Puto lile linapaa kwa moto. Mnaliona, linawashwa kama jiko. Haya, moto ule ukishamaliza kazi unakwenda wapi?

– Unazimika, alisema Simon.

– Moto mkubwa vile? Unatafuta pa kushukia. Hifadhini hauwezi kushuka, kuna askari. Unashuka huku kwetu.

– Na unachagua shamba la Rubeni tu?

– Mchagua jembe si mkulima, mura.

Walitikisa vichwa kama waliosikia jibu. Kulikuwa na joto kweli. Tangu Krismasi watu walikuwa wanalala milango wazi, na mbwa wanashinda chini ya magari mabovu. Rubeni alitazama barabara. Ghala lake la mahindi lingemfikisha Machi. Baada ya hapo alitegemea maharage.

Mzee Mniko, ambaye wanamwita Hakimu kwa kuwa aliwahi kufagia mahakama ya mwanzo miaka kumi na moja, alikuwa hajasema kitu. Alikohoa.

– Mnazunguka. Ng'ombe wa mahari walikuwa wangapi, Rubeni?

– Wote walifika, mzee.

– Sijauliza kama walifika. Mmoja hakuwa na chongo?

Rubeni alitazama ndani ya kikombe chake. Mmoja alikuwa na chongo. Alichomwa jicho na mwiba njiani wakati wanaswagwa, na wakwe walimpokea bila neno.

– Basi, alisema Hakimu. – Mama mkwe alimeza. Akangoja. Alipopata nafasi, akafunga mbegu na neno lake ndani. Ndiyo maana maua yanakuja. Maua ni salamu. Chakula kinabaki kwake.

– Ukipenda boga penda na ua lake, alisema Redio.

– Yeye ua analo. Boga ndilo halipo.

– Na huyo binti alijua? aliuliza Msumari.

– Mbegu amebeba nani?

Hapo hakuna aliyecheka. Rubeni aliweka kikombe chini. Hilo ndilo alilokuja kulisikia, na sasa alipolisikia halikumtuliza. Alimkumbuka Kezia akipanda, mtoto mgongoni, akitupa punje mbilimbili na kufunika kwa unyayo. Precious, binti yao mkubwa, alikuwa nyuma yake akirudia kuzikanyaga.

– Labda ningengoja mvua nyingine, alisema Rubeni.

– Haraka haraka haina baraka, alisema Hakimu. – Kwa hiyo mrudishe leo.

Pikipiki ilisikika kabla haijaonekana. Vincent aliiegesha kando ya karakana, akavua kofia ngumu, akafuta vumbi usoni. Kiti cha nyuma kilikuwa kitupu.

– Shikamoo, mzee.

– Marahaba, mwanangu. Karibu.

– Shemeji. Wazee. Habari za hapa?

– Njema tu, alisema Redio. – Tulikuwa tunazungumza mpira.

Simon alimmiminia kahawa. Vincent hakukaa. Alifungua kiganja cha kushoto. Ndani yake kulikuwa na maua ya maharage yaliyonyauka, na kati yake kijiganda kimoja kilichojikunja kama ukucha.

– Nimepita shambani kwanza, liko kando ya njia. Pole, shemeji. Kule kwetu mbegu hii hii imezaa. Mama amekwisha vuna.

Hakimu aliwatazama wenzake kama mtu aliyeshinda kesi.

– Lakini kule tunalala na blanketi mbili, aliendelea Vincent. – Mimi jana nimelala njiani hapo, gesti, dirisha wazi, shuka nimelitupa chini. Ndani ya ua kuna unga. Huo unga ndio dume. Usiku ukiwa wa joto, unga unakufa ua likiwa bado limefumba. Asubuhi linafunguka vizuri, unalifurahia, kumbe ndani hakuna mume. Linakaa siku mbili, linadondoka.

– Nani kakwambia? aliuliza Msumari.

– Bwana shamba. Mwaka juzi joto lilitupiga hata sisi. Mashamba ya chini yakapukutisha, ya mlimani yakazaa. Mbegu moja, mama mmoja.

– Na haya yangu yaliyozaa?

– Yako yamezaliwa huku. Yamezoea. Yetu ni ya baridi, yalipaswa kupandwa msimu ambao usiku wa huku umepoa. Mama hakujua. Alitoa alichokuwa nacho.

– Kwa hiyo si ng'ombe mwenye chongo, alisema Hakimu taratibu.

– Ng'ombe gani, mzee?

– Hapana. Endelea.

Vincent alimwaga yale maua chini, akapangusa kiganja kwenye suruali. Halafu akamgeukia Rubeni.

– Shemeji, kwenye simu ulisema nije bila abiria, hukusema kwa nini. Nimchukue nani?

Msumari aliokota randa akaanza kuikagua makali. Redio alimpa Simon kikombe, na Simon akainamisha birika: ikatoka tone moja na machicha. Hakimu alikuwa anatafuta fimbo yake, iliyokuwa mkononi mwake. Rubeni alifungua mdomo. Maneno aliyokuwa ameyapanga tangu jana yote yalikuwa yanaanza na mama mkwe.

Ndipo Kezia alipotokea kwenye kona ya mashine ya kusaga. Alikuwa amevaa gauni la kanisani, mtoto mgongoni, furushi kichwani, Precious akimshika kanga. Alisalimia wazee mmoja mmoja. Alimsalimia kaka yake. Akashusha furushi karibu na gurudumu la pikipiki.

– Kuna nini? Vincent alimuuliza dada yake.

Kezia alimtazama mumewe.

– Mwambie wewe, Baba Precious. Mimi kosa langu silijui.