Unga wa Mkono wa Kushoto

Sogeeni, wanangu na wapwa zangu, kaeni chini mnisikie vizuri, na jirani yangu Dominiko asibaki pale uani, apewe kigoda aingie ndani, maana yeye ni shahidi wa maneno haya. Nimewaita asubuhi kwa sababu asubuhi ulimi wangu ni mwepesi, jua likipanda unakuwa mzito na maneno yananikimbia. Msinikatize. Haya ninayosema nimeyakariri siku arobaini kule kwenye mikorosho, peke yangu, neno kwa neno, kama nilivyokariri Juzuu Amma utotoni, na mtu akinikatiza nitapotea nisijue pa kurudi. Nikikwama, ningojeni. Msinitafutie neno. Mmenitafutia maneno karibu miaka mitatu, na mara nyingi mlinipa lisilo langu.

Tangu juzi mkono huu wa kulia, uliokuwa umeanza kushika kata ya maji, umelala tena, na jana nusu ya uso wangu imeufuata. Naijua dalili hiyo. Nasema nanyi nikiwa naaga.

Nianze na mali, kwa kuwa najua ndiyo iliyowaleta wengine wenu, wala siwalaumu. Nyumba hii ni ya Yunusi na Zena, watoto wangu wa kuzaa, niliijenga na mama yao tukibeba udongo kwa kichwa. Baiskeli niliyorudi nayo kutoka Nachingwea ni ya Yunusi. Gobore la marehemu mjomba wangu haliendi kwa mtoto, linakwenda kwa mpwa, kama tulivyolipokea sisi watu wa upande wa mama, kwa hiyo Seleman, mtoto wa dada yangu Mwamini, ni lako, na shamba la ufuta la bondeni ni lako. Ule mkorosho ulioinama mpakani ni wa Dominiko. Mpaka niliusogeza mimi mwenyewe, mwezi aliokwenda kumzika mama yake, naye alijua akanyamaza. Dominiko, nisamehe mbele yao. Iko mikorosho sitini ya kule juu kwenye mchanga mwekundu. Hiyo nitaisema mwisho.

Mnaikumbuka sauti yangu. Wazungu wa karanga walipokuwa wakiangusha pori Nachingwea nilikuwa nyapara, nikisimamia watu themanini, na nilipoita mtu aliyekuwa upande wa pili wa katapila alinisikia akageuka. Niliipenda sauti ile kuliko mke. Kazi ilipofungwa nilirudi nayo nyumbani, nikaamua kesi za ukoo, nikaozesha, nikagombanisha na kupatanisha, na hakuna aliyeketi kabla sijamaliza kusema. Basi mwaka hamsini na mbili, mwezi wa nane, nikifyeka majani chini ya mikorosho, panga likanitoka mkononi. Nikalitazama pale chini. Nikalijua, nikamjua mhunzi aliyelifua, lakini neno la kuliita halikuwepo. Nikafungua mdomo nimwite Yunusi, na jina la Yunusi nalo halikuwepo.

Ninyi mlidhani nimekuwa bubu. Bubu anajua anachotaka kusema. Mimi nilikuwa natafuta ndani mwangu na kukuta vyumba vitupu, na mliponisemesha maneno yenu yaliniingia kama ya Wahindi wakizungumza wao kwa wao dukani, najua wanasema, sijui wanasema nini. Nikitaka nne nilianza moja, mbili, tatu, ndipo nne itoke. Kimwera cha mama yangu kilikwenda chote, na hadi leo kimerudi vipande tu, ndiyo maana nawausia kwa Kiswahili, lugha ya kuamrishia vibarua. Na mwalimu wa chuo cha Kurani alipokuja kunisomea, nikasoma naye Alhamdu yote, sikukosea herufi, kisha nikashindwa kuomba maji. Hapo ndipo maneno ya watu yalipoanza. Wengine walisema najifanya. Wengine wakasema mtu anayeweza kusoma na hawezi kuomba maji ulimi wake umefungwa, na aliyeufunga yumo humu humu. Lisemwalo lipo, wakasema, kama halipo laja.

Mmoja tu hakusema. Mwanawetu, mtoto wa kwanza wa dada yangu, dada yake huyu Seleman. Alikuwa mjane, ana Swaumu wa miaka sita na yule wa mgongoni aliyempa jina langu, Kaimu, somo wangu, na bado aliacha shamba lake akaja kunilisha na kuniogesha. Yeye ndiye aliyegundua kwamba kilichomo kwenye wimbo kinatoka. Alikuwa akitwanga mtama pale uani akiimba, na kila akifika mwisho wa ubeti alinyamaza, mchi uko juu, akinitazama, wala hakuushusha mpaka nimelitia neno la mwisho mimi. Mchi ulimlemea na bado alingoja. Tulikwenda hivyo miezi minne. Siku moja nikaonja kisamvu chake nikasema, "Chumvi." Halikuwa neno la wimbo, lilikuwa langu. Akakaa chini akalia, na mimi nikalia.

Sasa naja penyewe. Zena, nipe maji kidogo.

Desturi ya ukoo wetu mnaijua, naisema kwa ajili ya Dominiko. Mzee akifungwa na ugonjwa usioeleweka, ukoo unakutana, ungo wa unga wa mtama unawekwa mbele yake. Akimpaka mtu unga kipajini, pale juu ya macho, kwa mkono wa kulia, anasema sina kinyongo nawe. Akimpaka kwa mkono wa kushoto, anasema wewe ndiye uliyenifunga. Mlikutana mwezi wa kwanza, mvua inanyesha tangu alfajiri. Seleman, ulisimama mbele yangu ukasema, "Mjomba, umefungwa ulimi. Mpake aliyekufunga." Mimi katika maneno hayo nilishika moja tu, mpake. Nikauona unga, nikawaona ninyi nyote mmekaa, nikadhani mmekuja kushukuru kwamba nimeanza kupata neno. Nikamtafuta Mwanawetu kwa macho. Mkono wa kulia ulikuwa mapajani umekufa. Nikachota kwa mkono niliokuwa nao, nikampaka paji lote la uso hadi puani, nikicheka kwa furaha, na kwa kuwa uso wangu ulicheka upande mmoja, mlisema mzee anamcheka kwa uchungu.

Ukaniuliza mara tatu, "Ni yeye?" Kufikia mara ya pili nilikuwa nimeziona nyuso zenu nikaelewa. Nilitaka kusema hapana. Wallahi, wanangu, niliitafuta hapana kwa nguvu zangu zote, na mdomo wangu ukasema ndiyo. Nikajisikia nikisema ndiyo, ndiyo, ndiyo, na kila nilipojaribu kuikamata ilitoka nyingine. Hakuna siku niliyoichukia roho yangu kama siku ile.

 Mkamtoa Mwanawetu saa ile ile, Swaumu mkononi, somo wangu mgongoni, mkamkataza kufuta unga mpaka avuke mpaka wetu, na watoto wa mji wakamfuata wakipiga mabati. Asiyekuwepo na lake halipo, na mliponigeukia kuniambia kwamba sasa nitapona, mimi nilikuwa nimelala chini.

Miezi miwili baadaye akapita Agapiti, dresa wa zahanati anayetibu vijijini, akanikagua, akamwambia Yunusi kwamba hakuna aliyefunga mtu, ni damu iliyomwagika kichwani, na ugonjwa huo ukiupiga upande wa kulia mara nyingi huondoka na maneno, na mgonjwa wa namna hiyo huchanganya ndiyo na hapana. Yunusi, mwanangu, uliyasikia hayo. Ukasema mambo ya ukoo wa baba yako hayakuhusu, wewe ni wa ukoo wa mama yako. Ulikuwa na haki kwa desturi, na ulikosea mbele ya Mungu. Na wewe, Seleman, mikorosho sitini niliyompandia Mwanawetu umeivuna misimu miwili. Sisemi ulijua. Nasema ulikuwa tayari kuamini, na zile korosho zilikusaidia.

Lakini mkubwa wa makosa ni mimi, msinitetee. Mwaka wa kwanza nilikuwa mgonjwa, mwaka wa pili nilikuwa mwoga. Msimu ule wa pili wa korosho nilikwisha kuweza kuagiza tumbaku, kumfokea Zena, kubishana na wachuuzi, na jina la Mwanawetu nililiweza pia, nilikuwa nalisema kule shambani kwenye miti yake. Mbele yenu sikulisema. Niliona aibu mseme mzee Kaimu, aliyekuwa akiamua kesi za watu, alimtupa mtoto wa dada yake mvuani bila sababu. Wazee walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Mimi nilijikwaa ulimi nikiwa sina kosa, kisha nikapewa ulimi nikaufungia, na hilo ndilo nitakaloulizwa kaburini.

Kiangazi kilichopita niliwaambia nakwenda kwa dresa. Sikwenda. Dominiko alinipakia kwenye baiskeli, akanisukuma siku mbili mpaka Narung'ombe, yeye aliyeporwa mkorosho na mimi. Nikamkuta Mwanawetu, aliyekuwa amehamia huko, anatwanga mtama wa watu, kwa kuwa huko pia habari zilikwisha kumtangulia na hakuna aliyempa shamba. Amekonda. Swaumu alinisalimia kwa adabu akaingia ndani. Nikauliza somo wangu yuko wapi. Akanisimulia. Homa ilimshika njiani siku ya pili, mvua ikinyesha, kila mji waliobisha hodi, wenyeji waliuona unga kwenye nywele za mama yake wakafunga mlango. Siku ya tatu mama yake alimzika kando ya njia, amemviringisha kwa kanga yake mwenyewe, yeye na Swaumu wakichimba kwa kijiti na mikono. Alikuwa na miezi minane.

Nilipiga magoti, nami kupiga magoti hunichukua muda. Akanishika bega akasema, "Mjomba, mimi nilikusamehe siku ile ile, niliona mkono wako wa kulia umelala. Lakini hukunipaka chumbani. Ulinipaka mbele ya watu." Kisha akarudi kwenye kinu chake. 

Basi nasema mbele ya watu. Mwanawetu binti Mwamini hakunifunga. Ulimi huu mnaousikia, yeye ndiye aliyeufungua, na sisi tukamlipa kwa kumzikisha mtoto njiani. Mikorosho sitini ni yake, na baada yake ni ya Swaumu, na atakayeinua panga au kesi juu ya mti mmoja katika hiyo hana radhi yangu. Katika wanawake wote wa ukoo huu yeye ndiye mkubwa, mtoto wa dada zangu haolewi wala haingizwi unyagoni bila neno lake. Yunusi, utakwenda na jembe, Swaumu atakuonyesha mahali. Liinue kaburi la somo wangu, liwekee mawe, umwite mwalimu amsomee. Usiseme si ukoo wako.

Mimi nikifa msinicheleweshe. Sharia mnaijua. Mkinizika kabla hajafika, si neno. Simwiti aje kunizika, namwita aje kwake.

Hapa ndipo... hapa ndipo nilipokariri mwisho. Yaliyobaki sikuyakariri.

Zena. Lete ile... ile ya kupepetea. Ungo. Wenye unga. Weka hapa.

Seleman, sogea. Wewe ndiye utakayekwenda Narung'ombe, usimtume mtu. Kwa miguu. Leo. Wa kulia sina, unauona. Nina huu. Huu ndio niliombariki nao dada yako, na huu ndio ninaokubariki nao wewe, sina baraka nyingine. Utapita na unga huu kipajini kila mji... kila mji aliobisha hodi yeye. Usifute. Wakifunga mlango, lala nje. Wakikuuliza, waambie... ngoja. Ningojeni.

Waambie mjomba kanipaka.

Ukifika, afute yeye, kwa mkono wake. Asipotaka kufuta, kaa pale mlangoni pake, mtwangie, mchotee maji, mpaka atakapotaka. Mungu awape... awape kauli thabiti, wanangu, duniani na... na kule. Awarudishe nyumbani wote. Yunusi, nawe utasogea, na Zena, nitawapaka wote, nguvu ikiwepo.

Mbona unarudi nyuma, Seleman? Ni unga tu. Ni mimi. Sogea, baba. Inama kidogo, mkono haufiki.

Hapo.

Nenda.