Mbunge Aliyekataa Mkunga Mmoja

Ijumaa hii, tarehe 28, saa sita mchana, mbunge wetu anakabidhi funguo za ofisi ya jimbo baada ya miaka kumi na tano ya utumishi. Kabla ya hapo alifundisha darasa la kwanza kwa miaka ishirini na moja, kwa hiyo ukijumlisha ni miaka thelathini na sita ya kuwaambia watu wakae chini wasikilizane. Safari hii hakuchukua fomu. Hakuna aliyemshinda na hakuna aliyemfukuza. Alisema tu kwamba magoti yameanza kumjibu, na mtu mzima akijibiwa na magoti yake mwenyewe, ni busara asikie.

Katibu wa ofisi ameomba maneno haya yaandikwe na mtu wa mapokezi, kwa kuwa kutoka meza ya mapokezi mpaka mlango wa mama ni hatua nne tu, na mengi yamepita katika hatua hizo. Shule ya mwandishi haikufika mbali, kwa hiyo palipopinda msomaji apanyooshe mwenyewe.

Hapa ofisini tulimwita mama. Wageni wakubwa walisema mheshimiwa, naye aliitika, lakini alikuwa akichelewa kidogo kuitika, kama mtu aliyeitwa kwa jina la jirani. Akirudi kutoka Bungeni, kabla hajasalimia mtu, alivua viatu vya kisigino mlangoni na kuingiza miguu kwenye kandambili za bluu zilizokaa chini ya meza. Ukisikia zile kandambili zinaburuzika sakafuni, unajua kazi imeanza. Sasa ni wiki ya pili hatuzisikii, maana chumba chake kimeshafungwa kwenye maboksi, na ofisi imekuwa na ukimya ambao hata dereva, mtu asiyependa kelele, ameulalamikia.

Ijumaa ilikuwa siku ya watu. Wabunge wengine huwaita wananchi ndani mmoja mmoja. Yeye alitoka nje na kukaa mwisho wa benchi kama mtu aliyekuja na shida zake, foleni ikisogea naye anasogea, huku anaongea na aliye kulia na aliye kushoto. Asiyemjua hakuweza kumtambua. Kuna bibi mmoja aliyemsimulia kwa kirefu jinsi mbunge asivyofaa kitu, tangu barabara mpaka pampu ya maji, na mama akawa anamwitikia vizuri tu: ehe, na pampu ikawaje? Bibi alipoambiwa baadaye alikuwa anaongea na nani, hakutetereka. Alisema, basi afadhali, nimemwambia mwenyewe usoni, sikusengenya. Pampu ilitengenezwa mwezi uliofuata, na bibi akarudi Ijumaa nyingine kueleza kwamba inapiga kelele.

Lakini kazi ambayo tutamkumbukia, na iliyomnyima usingizi miaka hii minne ya mwisho, ni ile ya zahanati ya ng'ambo.

Kwa msomaji asiyetoka huku: ng'ambo ya mto kuna vijiji vinne. Mvua zikishika, mto unajaa na hakuna wa kuvuka. Mama mjamzito akipatwa na uchungu ni machela, au trekta likipatikana, na mwendo wa saa tano kuzungukia kule juu penye daraja. Kuna msichana wa darasa la pili anaitwa Trela, na anaringa nalo hilo jina, kwa sababu ndani ya trela ndimo alimozaliwa. Na yupo mama mwingine ambaye hakufika darajani, yeye na mtoto wake. Huyo hatutamwandika zaidi. Mungu anamjua kwa jina.

Katika kipindi chake cha kwanza mama alijenga zahanati huko, na nyuma yake nyumba ya mkunga. Siku ya kufungua alihutubia kwa furaha hadi sauti ikakauka. Akaja mkunga, akakaa miezi mitatu, akaondoka. Akaja wa pili, wa tatu, wa nne, wa tano. Kila akiondoka mmoja, mama alisimama Bungeni kuomba mwingine, serikali ikaleta mwingine, naye akaondoka. Watu wa ng'ambo wakazoea. Walisema mkunga wao ni kama mgeni wa harusi, ukimkuta leo mshukuru, kesho humkuti.

Baada ya wa tano, mama hakwenda kuomba. Siku hiyo alimwambia katibu atafute namba za simu za wote watano. Aliwapigia mmoja baada ya mwingine, mlango wazi, simu ikiwa kwenye sauti kubwa kwa sababu sikio lake la kulia halisikii vizuri, kwa hiyo tulisikia wote. Wa kwanza alidhani anashtakiwa. Kabla ya kusalimiana alisema, mheshimiwa, kama ni kile kitanda, nilikikuta kimeshavunjika. Wa pili alisema ni nyoka. Wa tatu alisema ni mchumba, akafikiri kidogo, akasema hapana, mchumba alikuwa sababu tu. Wa nne alisema, mama, nilianza kuongea na redio, na siku redio ilipoanza kunijibu nikafunga begi. Tulicheka sana, na yeye mwenyewe huko aliko alicheka.

Wa tano hakuchekesha. Alisema alikuwa na mzazi anayetoka damu, mikono yake yote miwili imeshika, na hapakuwa na mtu wa kumwambia shika hapa. Mzazi alipona kwa rehema za Mungu, lakini yeye asubuhi yake aliandika barua ya kuomba uhamisho. Alisema hakuogopa kazi, aliogopa kuwa peke yake na kazi.

Mama alizima simu, akaweka miwani mezani, akasema jambo ambalo watu wenye vyeo hawalisemi kirahisi. Alisema, kosa ni langu, nilijenga nyumba ya chumba kimoja. Miaka yote hiyo tulikuwa tunahesabu mkunga kama mtu anavyohesabu mashine: zahanati moja, mkunga mmoja. Hakuna aliyewaza kwamba jioni mashine hiyo inataka mtu wa kusemezana naye.

Tangu hapo alikataa mkunga mmoja. Serikali ilipompa wa sita, alisimama Bungeni akashukuru na kusema hamtaki, anataka wawili, na si kwa ajili yake tu, bali kwa kila zahanati iliyo mbali na barabara. Naibu waziri alijibu kwamba serikali inapanga watumishi, haipangi marafiki. Bunge zima lilicheka. Mama alisubiri kicheko kiishe, maana mwalimu wa darasa la kwanza anajua kusubiri, kisha akauliza swali la nyongeza: je, naibu waziri yuko tayari kwenda kukaa pale wiki mbili tu, peke yake, mkewe abaki nyumbani? Wakacheka zaidi, safari hii wakimtazama naibu waziri. Siku hiyo ndipo alipopewa jina la Mama Wawili, na wasiojua wakawa wanampongeza kwa mapacha.

Kicheko hakileti mkunga. Watu wa ng'ambo walikuja Ijumaa iliyofuata wakiwa wamenuna, wakamuuliza ni mbunge gani anayepewa akakataa. Heri nusu mkate kuliko kukosa wote, mzee mmoja alimwambia. Mama aliwajibu kwamba nusu mkate huo wameshaula mara tano na bado wana njaa. Walirudi hawajaridhika, na jioni ile alikuwa mnyonge. Aliomba tumwombee, na tuliomba pale pale mapokezi, dereva akiwa ameshika kofia yake.

Miaka miwili iliyofuata alitafuta wabunge wenye zahanati kama ile, akawapata kumi na mmoja, wa vyama vyote. Akaishawishi kamati ya Bunge ije kuona. Gari la kamati lilikwama kwenye tope, na mwenyekiti wa kamati akashuka na suti yake akasukuma. Dereva wetu anaapa mpaka leo kwamba ilikuwepo njia kavu na mama aliijua. Mama alipoulizwa alisema mwenyekiti aliomba kuona hali halisi.

Huku nyuma, watu wa ng'ambo walianza kulainika. Wanawake ndio walioanza, wakapiga tofali za chumba cha pili. Mama alikwenda kushiriki na akajenga tofali saba kwa mkono wake, kwa bidii na kwa kupinda. Fundi alimsifu sana. Gari lilipotokomea tu, akazibomoa na kuzipanga upya. Habari zilipomfikia mama alicheka mpaka akashika ukuta, kisha akatuma salamu kwamba fundi aendelee hivyo hivyo, kwani nyumba haikai juu ya heshima.

Mwezi wa pili mwaka huu ulitoka waraka wa serikali: zahanati zilizo mbali zitapangiwa wakunga wawili wawili. Karatasi yenyewe ni ukurasa mmoja. Mama aliusoma akiwa amesimama, akausoma tena akiwa amekaa, kisha akaniomba maji ya kunywa na hakuyanywa.

Mkunga wa kwanza aliripoti wiki tisa zilizopita, binti mtulivu wa miaka ishirini na sita, na ameshazalisha watoto kumi na wanne. Wa pili barua yake imetoka, jina lipo, chumba kipo, ila amekwenda likizo ya uzazi. Hatukujua tucheke au tulie. Mkunga naye ana tumbo, mtamfanyaje? Atafika baada ya miezi mitatu.

Na Bunge limevunjwa. Mama hana tena mahali pa kusimama akauliza swali. Juzi binti wa ng'ambo alipiga simu, kwa adabu, akasema hataki kumdanganya mtu. Wiki tisa ameziweza, ya kumi ataiweza, lakini miezi mitatu mingine peke yake hawezi kuiahidi. Mvua nazo zimeanza kukusanya mawingu. Kila mtu hapa ofisini alielewa maana yake. Akiondoka huyu, watu wa ng'ambo watasema waraka ni karatasi tu, na watakuwa wamesema kweli. Katibu alipendekeza tuandike barua wizarani. Mama alisema aandike, kuandika ni vizuri, lakini barua haishiki taa.

Ndipo alipotuambia. Ijumaa hii akishakabidhi funguo, haendi nyumbani. Anakwenda ng'ambo, kwenye chumba cha pili, kukaa na yule binti mpaka mwenzake afike. Alisema kushika taa anaweza, kuchemsha maji anaweza, kushika anapoambiwa shika hapa anaweza, na kuhusu kuongea hakuna haja ya kuulizana.

Tulimwangalia mzee wake, aliyekuwa amekuja kusaidia maboksi. Huyu ni mtu aliyekula peke yake miaka kumi na tano, siku nne katika kila saba, na ambaye ameshapaka rangi kibaraza na kuweka viti viwili vikitazamana na bustani. Tulimwonea huruma. Alifunga boksi alilokuwa akilifunga, akakata kamba, akasema kwamba aliyekwisha kungoja miaka kumi na tano hashindwi na miezi mitatu. Kisha akauliza kama huko ng'ambo wageni wa Jumapili wanaruhusiwa. Mama alimwambia ataomba kibali kwa mkunga.

Kwa hiyo sherehe yetu itakuwa fupi. Chai, maneno machache, sala, na gari litaondoka kabla ya saa nane ili livuke maji yakiwa bado chini. Wananchi wameshaanza kuulizia. Ijumaa iliyopita walikuja kama kawaida, tukawaeleza kwamba kwa sasa jimbo halina mbunge mpaka uchaguzi. Wakasema wanajua, hawakuja kwa mbunge, wamekuja kwa mama. Walikaa kidogo, wakaongea wao kwa wao, wakaondoka. Na sisi tulio ndani tulikuwa hivyo hivyo, kila mmoja akijifanya ana kazi.

Tunamshukuru kwa kutusikiliza, na kwa kutufundisha kwamba anayeondoka kazini aulizwe kabla ya kulaumiwa. Tunamshukuru mzee wake kwa kutuazima mke. Zaidi ya yote tunamshukuru Mungu aliyempa moyo wa kukiri chumba kimoja na nguvu ya kuongeza cha pili.

Dereva ndiye aliyepeleka habari ng'ambo. Anasema yule mkunga alisikiliza mpaka mwisho, akaonekana ana wasiwasi, akauliza kama ni kweli kwamba mama anaongea sana. Dereva, ambaye hajui kudanganya, akasema ni kweli, kuanzia anapofungua macho. Binti akasema: basi mwambie asisubiri Ijumaa.

Mama, tunakutakia mema yote huko uendako, afya ya magoti, na watoto wengi wanaolia kwa nguvu. Ukimaliza, rudi salama kwa mzee wako ukapumzike. Sisi tutakukumbuka, kwa hilo hatuna namna.