Gari la Faiba Nisiloliona

Bwana Yesu asifiwe. Na ndugu zangu Waislamu mlio humu, asalaam aleikum. Wazee wangu, shikamooni. Mke wangu ameniweka hapa mbele na kuniambia nimewaelekea ninyi. Nikigeukia ukuta nikawa nauhubiria, msinionee haya, semeni.

Mwenyekiti wa kikundi chetu hiki cha wasioona ameniomba nieleze nilivyopoteza macho, na nilivyoacha kutaka kufa. Sitamtaja mtu jina. Wengine bado wanaishi mjini humu na hawana kosa lolote.

Mimi nilikuwa fundi wa faiba. Kwa wasiojua, faiba ni ile ya matangi na bampa za mabasi. Unatandaza kitambaa cha nyuzi za kioo, unakilowesha kwa gundi nzito tunayoiita resini, na kwenye ile resini unatia dawa kidogo, hadina, ili igande. Bila hadina, resini inabaki uji. Ukiitia, inapata moto yenyewe na kuwa ngumu kama jiwe. Hadina ukiiona kwenye kichupa unaweza kudhani ni maji ya kunywa. Kumbe maji gani! Hiyo ndiyo iliyonitoa macho.

Gereji yetu ilikuwa Majengo, nyuma ya wauza nafaka. Siku moja lori likasimama nje, akashuka mzee mmoja mkulima wa zabibu. Nyuma ya lori kulikuwa na kitu kimefungwa maturubai. Tukafungua, tukakuta bodi tupu ya faiba, mfano wa magari ya michezo ya zamani, yale ya viti viwili yasiyo na paa, yenye boneti ndefu. Hamna injini, hamna usukani, hamna hata sakafu. Ni ganda tu, na pua yake ilikuwa imepasuka safarini.

Nikamwuliza, "Mzee, hii ni ya nini?"

"Ya kuendesha," akasema.

Wenzangu wakacheka. Yeye hakucheka. Akasema, "Nikiwa kijana nilikuwa naosha gari kama hili la bwana mmoja. Kila Jumamosi nalisugua. Sijawahi kukaa ndani yake. Alikuwa ananiambia nina vumbi."

Basi, tukalianza. Tulichukua chesisi na injini ya gari dogo lililopata ajali, tukalikata, tukalifupisha, tukachomelea vyuma vya kushika ile bodi. Mwenzangu mmoja alishika injini na breki. Mimi nilishika bodi: kuziba pua, kutengeneza sakafu, kukalisha milango. Ndugu zangu, nawaambia, sijawahi kupenda kazi kama ile. Bampa la basi unaliziba ili libebe vumbi tena kesho. Lile gari watu walikuwa wanaacha kupima mahindi, wanakuja kulitazama. Mama mmoja muuza karanga alikuja kila siku kuuliza, "Limefika wapi leo?" kama mtu anayeulizia mgonjwa.

Mzee naye alikuwa anakuja, anakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Anaangalia tu.

Sasa ajali yenyewe. Ilikuwa mchana wa jua kali. Galoni la hadina lilikuwa limeachwa juani, nalo likipata joto linajaa gesi ndani. Mimi sikulijua hilo. Miwani ya kazi tulikuwa nayo, lakini kwetu miwani ilikuwa ya kukatia na kusagia, hakuna aliyeivaa kwa kumimina dawa. Nikainama, nikafungua kifuniko. Ikaruka.

Ilinipata macho yote mawili. Siwezi kuwaeleza ule moto, na humu wapo wanaoujua bila kuelezwa. Nikapiga kelele, "Maji! Maji!" Bomba lilikuwa kavu. Nyie mnaijua Dodoma, mnajua siku za bomba kukauka. Pipa letu nalo lilikuwa limeisha tangu asubuhi. Mtu akanimwagia chupa nusu ya maji ya kunywa. Mwingine akanifuta kwa kitambaa, naye alikuwa ananisaidia, masikini, hakujua kwamba anaisugua ndani. Wakanipakia kwenye bajaji.

Daktari akauliza, "Mlimwosha kwa maji kiasi gani?"

Mwenzangu akasema, "Chupa nusu."

Daktari akanyamaza. Mimi sikuwa naona kitu, lakini ule ukimya niliuona. Baadaye akaniambia taratibu kwamba dawa ile haimsubiri mtu afike hospitali. Macho yanatakiwa kuoshwa palepale, kwa maji mengi, muda mrefu, hata kama mgonjwa anapiga mayowe.

Jicho la kushoto likafa. La kulia likabaki na mwanga kidogo. Mpaka leo najua dirisha liko upande gani, basi.

Nikarudishwa nyumbani, na hapo ndipo nilipoanza kuoza. Mtanisamehe kwa neno hilo, sina lingine. Nilikaa chumba cha ndani, nyuma ya pazia. Mke wangu ni mwenyeji wa Kondoa, ni mtu wa maneno machache na kazi nyingi. Alikuwa anakaanga vitumbua alfajiri, anauza, anarudi kunilisha. Ananishika mkono anauweka kwenye ugali, kisha kwenye bakuli la mlenda. Siku moja nikalipiga lile bakuli likaenda ukutani. Nikamsikia anapangusa. Angenitukana ingekuwa afadhali.

Mwanangu wa mwisho alikuwa na tabia ya kunirukia nikitoka kazini. Sasa akawa hasogei. Nikamsikia nje anamwambia mwenzake, "Macho ya baba yamekuwa ya maziwa." Ndugu zangu, nilisikia mengi kipindi kile, maana watu wakiona huoni wanadhani husikii. Nilisikia ndugu wakijadili nani atawachukua watoto. Nilisikia jirani akisema, "Angekufa tu apumzike." Lakini lile la maziwa ndilo lililonimaliza.

Wenzangu wa gereji walikuja mara mbili tatu, wakaacha kuja. Siwalaumu. Walikuwa wanakaa, wanakohoa, hawajui waongee nini. Mzee wa gari yeye aliendelea kuja. Anabisha hodi, namwambia, "Shikamoo mzee," anaitikia, "Marahaba," anakaa. Siku moja nikamfukuza. Nikamwambia, "Gari lako ndilo lililonifanya hivi. Usirudi." Akasema, "Sawa, mwanangu." Nikasikia fimbo yake inaondoka uani.

Nikaamua kufa. Nalisema hapa kwa sababu najua siko peke yangu humu. Mke wangu alikuwa sokoni, watoto shule. Nikatoka nimeshika ukuta, kisha uzio wa miti, kisha hamna cha kushika, nikafuata mngurumo wa malori mpaka barabara kuu. Nikasimama ukingoni nasikia upepo wa magari unanipiga usoni. Nikawa najiambia, likija zito nitaingia.

Mara mkono ukanishika hapa kwenye kiwiko. Kijana mmoja, nadhani alikuwa wa bodaboda, akasema kwa sauti kubwa kama vile mimi ni kiziwi, "Baba, twende nikuvushe!" Hakuniuliza kama nataka kuvuka. Akanivuta, akanivusha, akanigonga mgongoni, "Haya, safari njema," akaondoka.

Cheka tu, ndugu yangu, nimekusikia. Hata mimi leo nacheka. Lakini siku ile nilibaki ng'ambo ya barabara, mahali nisipopajua, jua la Dodoma kichwani. Siwezi kurudi. Siwezi hata kufa, maana nimeshapoteza mwelekeo wa barabara. Nikakaa chini kwenye changarawe, nikalia kama mtoto mdogo.

Mke wangu ndiye aliyenipata. Sijui alizunguka kiasi gani. Akakaa pale chini karibu yangu. Alikuwa anahema. Kisha akasema, "Ulikuwa unaenda wapi?"

Nikachota changarawe, nikaimwaga chini.

Akasema, "Sawa. Nimeelewa." Akaanza kusema Kirangi cha kwao, chinichini, maneno ambayo sikuyajua. Mpaka leo sijamwuliza alisema nini. Tukarudi.

Tangu siku ile hakuniacha peke yangu. Alinitoa chumba cha ndani, akaniweka barazani, penye watu. Siku akienda kuuza, jirani mmoja anakaa nami, anapepeta mchele wake. Sikushukuru wakati ule. Niliona nimefungwa.

Kisha mke wangu akaenda gereji kuchukua vifaa vyangu avifanyie mnada, maana vilikuwa vinapotea kimoja kimoja. Jioni akarudi, akavishusha, akasema, "Nimeliona lile gari."

Nikageuza uso ukutani.

"Ni baya," akasema.

"Baya vipi?" Ndugu zangu, lilinitoka tu. Hilo lilikuwa swali langu la kwanza kumwuliza mtu tangu nilipotoka hospitali.

"Sijui nisemeje. Limekaa kama jongoo aliyekanyagwa."

"Wapi? Mbele au nyuma?"

"Mbele, pale puani. Pana nundu. Na mlango mmoja umekaa juu kuliko mwenzake."

"Mlango wa kushoto?"

"Wa upande lilipotandikwa jamvi ... aa, sijui! Kwani mimi fundi?"

Tukabishana. Nikachukua mkono wake, nikamchorea umbo la boneti kwenye kiganja. Tukaongea mpaka chai ikapoa. Mwishowe akasema, "Mimi siwezi kukuelezea. Kesho twende ukalishike mwenyewe."

Nikasema siendi. Akasema, "Basi usiende. Utabaki hapa na jirani na mchele wake."

Nikaenda.

Kuingia gereji, watu wote wakaacha kazi. Nikasikia harufu ya resini, nikatapika pale mlangoni. Nilitaka kurudi. Mke wangu akanishika kiunoni, akaniweka mkono kwenye bodi, akaondoka pembeni. Nikabaki na lile gari. Nikaanza nyuma, nikaja mbele polepole. Nilipofika puani nikaikuta nundu, walikuwa wameijaza pati nene, ule udongo wa kuzibia mabati, badala ya kutandika faiba vizuri. Mlango kweli ulikuwa juu. Nikauliza, "Nani kafanya hivi?" Mwenzangu akasema, "Ni mimi, kaka. Nilijaribu." Alikuwa analia. Tukashikana pale, watu wazima wawili.

Sitawadanganya kwamba mambo yakawa mazuri. Nilianza kwa kupiga msasa tu, na nilijisaga vidole mpaka vikatoka damu. Kazi iliyokuwa ya asubuhi moja ikawa ya wiki. Mara nyingi niliitupa brashi na kukaa chini. Hadina sikuweza kuigusa. Mke wangu ndiye aliyejifunza kuipima. Alivaa miwani, kando yake ndoo mbili za maji, nasikia chupa inagonga kopo. Bila ndoo hizo hakifunguliwi kifuniko, mpaka leo.

Mzee nilimtumia ujumbe. Alikuja na fimbo yake, nikamwomba msamaha. Akasema, "Nilisikia uchungu, lakini si wewe uliyesema." Akakaa kwenye ndoo yake.

Alikuwa ameanza kuumwa figo. Gari lilipowaka halikuwa hata limepakwa rangi. Akasema hasubiri rangi. Akanikalisha pembeni yake, tukatoka taratibu njia ya Kondoa. Hakuna kioo cha mbele cha maana, vumbi lote linaingia mdomoni. Alikuwa anaendesha vibaya, gia zinalia. Nikamsikia anasema peke yake, "Nina vumbi. Nina vumbi kweli." Na alikuwa anacheka.

Alifariki kabla ya mavuno yaliyofuata. Gari wanalo watoto wake, nasikia limefunikwa turubai. Mwanangu hadi leo akinishika mkono anatazama pembeni. Nimelikubali. Ila mkono hauachii.

Namshukuru mke wangu. Siku hizi tunaziba matangi, tunatengeneza mabeseni, yeye macho, mimi mikono. Namshukuru jirani na mchele wake. Nawashukuru ninyi mlionifundisha kutembea na fimbo bila kuona aibu.

Nilichojifunza ni kidogo. Pole ni nzuri, lakini pole nyingi inamzika mtu. Ukienda kwa aliyeumia, mpe pole, kisha mpe kitu mkononi, hata maharage ayachambue. Mwulize, mbishie. Na mtu akiwaambia mmwache peke yake, msimwache.

Nimeambiwa leo kuna ndugu amekuja kwa mara ya kwanza, ameletwa na dada yake, amekaa nyuma kabisa na hajasalimia mtu. Ndugu, sitakuita mbele. Lakini kiti hiki kando yangu ni kitupu. Tukimaliza kusali tunakunywa chai, na mimi kumimina sijaweza, namwaga mezani kila wiki. Njoo tumwage wote.