Kabula, Mchoraji Aliyehamisha Ng'ombe wa Mayige

Mwangaluka, wasikilizaji wapendwa. Mlio Bariadi mjini, mlio Maswa, Itilima, Meatu na Busega, sogezeni viti karibu na redio. Leo tunamkumbuka mtu aliyetuchekesha, akatuingiza kwenye kesi, kisha akatuchekesha tena. Tunamkumbuka mchoraji Halyna Dovhal. Watu wa kijiji cha Kasoli walimwita Kabula.

Halyna alizaliwa Poltava, nchini Ukraine. Alisomea uchoraji kwao, akaja Tanzania kufundisha kuchora kwa mwaka mmoja. Mwaka ukaisha, yeye yupo. Wa pili ukaisha, yeye yupo. Alikaa Kasoli mpaka mwisho wa maisha yake.

Alifikia kwa mama Domitila, mwalimu mstaafu. Siku hiyo mvua ilinyesha mpaka barabara ikageuka mto. Mgeni akashuka na matope hadi magotini, turubai zake za kuchorea amezibeba kichwani. Na sisi Wasukuma mtoto wa kike aliyezaliwa mvua ikinyesha tunamwita Kabula. Domitila hakuhangaika kutafuta jina lingine.

"Kiswahili alikijua mapema," anasema mama Domitila, "ila kilikuwa cha amri tupu. Leta chai! Kaa hapa! Usitingishike! Wageni wangu walidhani nimepangisha askari."

Siku moja Kabula akaingia jikoni kupika supu ya kwao. Mama Domitila akafunua sufuria, akakuta mchuzi mwekundu kama damu. Akafunika haraka. Akajua mwenzake ameishiwa mboga, sasa anapika rangi. Kumbe ni bitiruti. Aliionja kwa ncha ya kijiko, kisha akamaliza bakuli zima. Kabula naye alikolea kwenye michembe, viazi vyetu vya kukausha, na karanga mpaka mifuko ya gauni ikawa imejaa makombo.

Sasa wasikilizaji wapendwa, tuje kwenye kesi ya ng'ombe.

Mama Domitila ana mdogo wake, anaitwa Ngassa, mfugaji. Jirani yao ni mzee Mayige, naye mfugaji. Msimu mmoja wa pamba, Mayige alipotelewa na ng'ombe jike, mwekundu, mwenye baka jeupe usoni. Alimtafuta kila pori. Hakuonekana.

Wakati huohuo Kabula alikuwa amemaliza picha kubwa. Aliichora kwenye kitambaa cha marekani, pamba yetu hii hii. Ilionyesha ng'ombe wa Ngassa wakiingia zizini jioni. Akaitundika kwenye ghala la kununulia pamba, kwa sababu msimu ule Kasoli nzima ilikuwa inapita pale.

Watu wakajaa. Na nyie mnatujua Wasukuma. Hakuna aliyesema picha nzuri au picha mbaya. Walianza kutambua ng'ombe! Huyu ni yule wa mahari ya Evalina. Huyu ndiye aliyempiga teke bwana mifugo. Kabula amesimama pembeni, anatabasamu kwa raha.

Mara mzee Mayige akapenya katikati ya watu. Akasogea. Akaweka kidole kwenye kona ya picha.

"Hii si ng'ombe yangu? Inafanya nini kwa Ngassa?"

Ghala zima likageuka kutazama. Ng'ombe mwekundu, baka jeupe usoni, anaingia zizini kwa Ngassa. Kila mtu anamwona.

Jioni ile ile sungusungu wakaitisha mkutano wa kesho yake. Na Kasoli, mtu akithibitika mwizi wa ng'ombe, anatengwa. Hasalimiwi. Haazimwi moto. Kwenye msiba wake hatokei mtu. Mama Domitila hakula usiku huo. Alikuwa na uchungu na hasira pamoja. "Mdogo wangu huku, mgeni wangu huku," anasema. "Na mimi ndiye niliyemleta huyo mgeni."

Mkutanoni Kabula alisimama mwenyewe. "Ngassa hana kosa. Ng'ombe nimemhamisha mimi."

"Ulimhamisha ukamweka wapi?"

"Kwenye picha. Nilimchora kwa Mayige kabla hajapotea. Kona yangu ilikuwa imepooza, ilitaka rangi nyekundu. Nikamchukua."

Wazee wakaguna. Mwenyekiti, mzee Masalu, akatikisa kichwa. "Mayu, mama yangu, mtu mwenye akili zake amtoe ng'ombe kwa mwenyewe, ampeleke zizi la mwingine, kisa rangi? Hata mtoto hawezi kuidanganya Kasoli hivyo."

Hapo Kabula akaona maneno yamegonga mwamba. Akachukua kipande cha marekani, akakibana kwenye ubao, akachovya brashi. Watu wakanyoosha shingo. Kwanza ukatokea mlango wa jiko la mke wa Ngassa. Kisha jiko lenyewe, mafiga na chungu. Kisha mtu amechuchumaa, anakomba chungu kwa kidole, mashavu yamejaa. Kofia ya mzee Mayige. Masharubu ya mzee Mayige. Mzee Mayige mwenyewe!

Mkutano mzima ukaangua kicheko. Mwanamke mmoja akapaza sauti, "Kumbe Mayige, ndiyo maana ng'ombe anakupotea, wewe unakomba vyungu vya watu!"

Mayige akaisogelea ile picha. "Sijawahi kuingia jiko lile hata siku moja," akasema. Kisha akageuka kwa Ngassa, akacheka mpaka akashika mbavu. "Basi na ng'ombe hajaingia zizi lako. Nisamehe, ndugu yangu."

Ng'ombe mwenyewe alipatikana baadaye, Mwamanyili, huko Busega. Amenenepa, wala hana habari.

Ile picha ilifika Mwanza, ikafika Nairobi, ikafika mpaka Warsaw. Mwandishi wa habari akamuuliza Kabula siri ya yule ng'ombe mwekundu. Akajibu, "Huyo si wa pale. Nimeshamwomba mwenye ng'ombe ruhusa."

Vita vilipoingia kwao, Kabula alilia, asichore wala kula. Ngassa alimletea maziwa kila asubuhi. Aliweka chombo mlangoni, akaondoka. Siku moja akakikuta chombo kimeoshwa, na nyuma ya nyumba akasikia sauti ya amri: "Usitingishike!" Kabula anachora mbuzi. Ngassa anasema alirudi nyumbani anapiga mluzi.

Mwezi uliopita Halyna Dovhal alilala, moyo ukasimama. Kaka yake, Andriy, alipiga simu kutoka Poltava. "Siwezi kufika," alimwambia mama Domitila. "Mzikeni kama mnavyozika wenu."

Kwenye mazishi mshereheshaji alishika kipaza sauti, akaomba ndugu wa marehemu wasimame wapewe pole. Mama Domitila akasimama. Peke yake. Kisha Ngassa akasimama, yule aliyekaribia kutengwa kwa sababu ya brashi ya Kabula. Akasimama Mayige, akasimama Masalu, wakasimama wauza pamba na akina mama wa kwaya. Uwanja mzima ukawa wima.

"Samahani," akasema mshereheshaji. "Nimeomba ndugu tu."

Ngassa akamjibu, "Ndiyo sisi."

Pole kwako Andriy, na familia yote ya Poltava. Pole kwako mama Domitila. Wabeja sana, Kabula, kwa kuja.

Nawe unayenisikiliza, tulia kidogo. Siku watakapoomba ndugu zako wasimame, ni nani asiye wa damu yako atakayenyanyuka?