Bi Kuruthumu na Kadi Zisizorudi Langoni

Jumamosi ya tarehe 29 Agosti 2015, Bi Kuruthumu Ndayiragije anastaafu baada ya kulitumikia lango la Bustani ya Bembea Heri kwa miaka ishirini na mitatu. Alianza mwaka 1992 kule Kasulu, wakati bustani nzima ilikuwa bembea chache za kamba na farasi wa mbao aliyekatika sikio, kisha akahamia nasi Kibondo tulipopata kiwanja kikubwa. Kamati ya sherehe imenipa mimi, Ildefonsi, fundi wa mitambo, kazi ya kuandika wasifu wake katika kijitabu hiki. Waliniomba ukurasa mmoja wenye furaha. Furaha ipo, ila ukurasa mmoja hautoshi, na mengine nitayasema kama yalivyokuwa.

Tuanze na lango lenyewe. Kila anayeingia kwetu hufungwa mkononi kadi yenye jina lake, na anapotoka huifungua akamkabidhi Bi Kuruthumu. Yeye haipokei kimyakimya. Hulisoma jina, humtazama mwenyewe usoni, kisha husema, "Fulani, umetoka. Nenda nyumbani." Huwaambia hivyo watoto wa mgongoni, maharusi, walevi na hata sisi wafanyakazi kila jioni. Nilipokuwa mgeni kazini nilimuuliza sababu, akasema aliyeingia kwa jina sharti atoke kwa jina. Nilicheka sana, maana mimi ni fundi na imani yangu kubwa ni kwa grisi.

Kwa msimamo huo hakumwogopa mtu. Mheshimiwa mmoja alikuja na familia yake kutoka Kakonko, siku zile wilaya bado mpya na magari yao bado yananukia upya. Alipotaka kuondoka kwa haraka, kadi ikiwa bado mkononi, Bi Kuruthumu alisimama mbele ya gari na birika lake la chai, akasubiri. Dereva alipiga honi mpaka akachoka. Mwishowe mheshimiwa alitoa mkono dirishani, akaambiwa ametoka, akaruhusiwa kwenda nyumbani. Safari iliyofuata tulimwona akiifungua kadi yake mwenyewe tangu kwenye migomba, kabla hajafika langoni, naye anacheka.

Jambo jingine msilolijua ni kwamba katika miaka yote hiyo hajawahi kupanda chombo chochote cha bustani. Nilikuwa nikimtania kuwa yeye ni muuza asali asiyelamba kidole. Alinijibu kwamba lango lina mtu mmoja tu, na mtu huyo akiwa hewani, hakuna wa kuwaita walio ndani.

Mwaka 2012 mkurugenzi wetu, Mzee Abdulrahmani, mwenye ndugu Tanga wanaomtafutia mitambo, alituletea gurudumu kubwa la vibehewa vinane, la kuzungusha watu juu hewani na kuwarudisha chini. Pamoja nalo alimleta Saady, bwana mauzo mwenye ulimi wa kumtoa nyoka pangoni, akamfungulia dirisha lililoandikwa PANDISHA KADI YAKO. Mgeni aliongeza fedha, kadi yake ya siku ikawa ya msimu. Akaongeza tena, ya msimu ikawa ya daima. Watu walipanga foleni hadi barabarani. Ukweli ni kwamba kupanda kulikuwa rahisi, kushuka ndiko hakukuwepo. Nyongeza ikishalipwa hairudishwi, jina likishaandikwa halibadilishwi, na kadi ya daima haikabidhiwi langoni kwa kuwa haina mwisho. Tena dirisha la Saady lilitaka kuiona kadi ya zamani tu, si mtu mwenyewe. Bi Kuruthumu alimuuliza mkurugenzi, sasa hawa wa daima watatoka lini? Mzee alisema watatoka wakichoka, na kikao kikaisha kwa soda.

Sasa nafika pale ambapo kamati ilinitaka nipite harakaharaka.

Idd Mosi ya mwaka uleule, mshonaji mmoja wa Murungu, Mwanaamina, alikuja na mwanawe Mudathiri, mtoto wa darasa la kwanza. Mtoto alipanda kibehewa cha bluu, akashuka, akalilia kupanda tena. Aliporudi chini safari ya mwisho alikuwa anawaka homa. Mama alimbeba akakimbia naye kuelekea hospitali, na Bi Kuruthumu akalifungua lango lote kumpisha bila kuuliza kadi. Nani angeuliza kadi saa ile? Idd Pili ikawa siku ya mazishi. Ukiacha hizo za daima, ile ndiyo kadi pekee iliyowahi kumpita, na najua ilimuuma, kwa sababu jioni ile alikaa langoni hata baada ya sisi wote kuambiwa tumetoka.

Matanga yalipoisha, Mwanaamina alikuja dirishani na kadi ya mwanawe. Saady hakujua lolote. Aliona mama, akaona kadi, akaipandisha kuwa ya msimu. Januari alirudi, ikawa ya daima. Kwa ajili hiyo aliuza mbuzi, kisha akauza cherehani iliyokuwa ikimlisha. Kila Jumamosi alikaa kwenye benchi linalotazama gurudumu, kadi ameifunga kwenye pindo la khanga, toka tunafungua hadi tunafunga. Mara nyingine alipunga mkono. Bi Kuruthumu alikuwa akimfuata na kikombe cha chai na kumwomba kadi ile kwa upole, naye alilishika pindo lake na kugeuka upande.

Gurudumu lilianza vituko wiki ileile ya Januari. Gurudumu zuri lisilo na watu husimama popote, kwa kuwa pande zake zinalingana. Letu likawa halisimami popote. Kila nilipozima jenereta lilijirudisha taratibu mpaka kibehewa cha bluu kikae chini kabisa, mbele ya ngazi, pale abiria anaposhukia. Kisha linatulia. Nilipaka grisi, nikafungua bolti, nikakishusha kibehewa na kukipima kwenye mizani ya maharage sokoni: uzito wake ni sawa na wenzake. Nikakifunga upande wa pili wa gurudumu. Kikashuka chini vilevile, kikatulia mbele ya ngazi.

Fundi akishindwa na sababu, hutafuta dawa. Niliweka kiroba cha maharage katika kibehewa cha kijani kinachoelekeana nacho, gurudumu likatulia, nikajisifu. Lakini baada ya miezi michache cha bluu kilianza kushuka tena na ikabidi niongeze maharage. Sikukuu zikapita, nikaongeza tena. Nilimweleza Bi Kuruthumu kama mzaha, kwamba mtambo wangu unanenepa. Hakucheka. Alisema, "Haunenepi, Ildefonsi. Anakua." Tangu siku hiyo nilikuwa nikizima jenereta mapema, jua likiwa bado juu, na sioni aibu kulisema.

Idd Mosi ya mwaka 2014 ofisi ilitoa kadi ya familia. Sharti lake liliandikwa kwa rangi nyekundu ukutani: watoto wa kadi moja hupanda kibehewa kimoja, na walioingia pamoja hutoka pamoja. Mwanaamina alikuja asubuhi na mapema akiwa na fedha za shamba la mihogo aliloliuza, na mkononi amemshika binti yake Shadia, aliyekuwa bado hajaanza shule. Alitaka kadi ya Mudathiri ipandishwe iwe ya familia, na jina la Shadia liandikwe chini ya la kaka yake. Saady alichukua kalamu. Mama akamwambia mtoto atangulie kwenye kibehewa cha bluu wakati kadi inaandikwa.

Shadia alifika kwenye ngazi, akachungulia ndani, akarudi mbio hadi langoni na kumshika Bi Kuruthumu gauni. Alisema kwa sauti ya kawaida, kama mtoto anayeeleza habari za foleni, "Kumejaa, bibi."

Hapo Bi Kuruthumu alifanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu Kasulu. Alilifunga lango. Siku ya Idd, watu wamejaa barabarani na nguo zao mpya, yeye akapachika kufuli, akamshika mtoto mkono, akaenda dirishani. Mzee Abdulrahmani alimfuata akimwambia afungue upesi, na kwamba asipofungua asijisumbue kuja kesho. Hakugeuka. Alimwondolea Saady kalamu mkononi kabla hajaanza herufi ya kwanza ya Shadia, akaiweka juu ya dirisha ambako mfupi yule hafiki.

Kisha alimgeukia Mwanaamina. Alimwomba radhi kwamba siku ile ya homa alimfungulia lango akasahau kumwita mtoto atoke. Mwanaamina alilishika pindo lake. Alisema, "Nikikupa hii, Bi Kuruthumu, nitabaki na nini?"

"Unaye mwingine, mwanangu," Bi Kuruthumu akamjibu, "naye hataki kupanda."

Sijui walisimama hivyo kwa muda gani. Mwishowe Mwanaamina alilifungua pindo kwa meno, maana vidole vilikuwa vimekataa. Bi Kuruthumu aliipokea kadi kwa mikono miwili, akaenda nayo langoni, kwa kuwa kazi yake hufanyikia pale. Akafungua kufuli. Alilisoma jina, akatazama chini, kwenye kimo cha mtoto wa darasa la pili au la tatu, wala si kimo cha yule tuliyemzika. Akasema, "Mudathiri, umetoka. Nenda nyumbani."

Jenereta lilikuwa limezimwa. Upepo haukuwepo, vibendera vya Idd vilikuwa vimelala kwenye kamba. Nyuma yangu nilisikia chuma kinalia, nikageuka. Kibehewa cha bluu kilikuwa kinapanda chenyewe, polepole, na cha kijani kinashuka na maharage yangu yote hadi kikakaa mbele ya ngazi. Nilikaa chini palepale na nguo zangu za sikukuu. Mwanaamina alilia kilio ambacho nadhani kilikuwa kimemngoja tangu mazishi, na Shadia alimpangusa kwa mkono wake mdogo.

Maharage yale hakuna aliyetaka kuyagusa. Bi Kuruthumu alisema chakula hakina kosa, akayapika, tukala, na nakiri yalichelewa kuiva. Kuhusu kazi yake, mkurugenzi alifoka siku mbili, siku ya tatu akamwambia lango linamngoja. Kuhusu fedha za Mwanaamina, alisema nyongeza hairudishwi. Basi Bi Kuruthumu akawa anakwenda kukaa mbele ya duka la mkurugenzi kila baada ya swala ya isha, anasalimia wateja, haongezi neno, mpaka Mzee akatoa bei ya cherehani. Gauni atakalolivaa mstaafu wetu Jumamosi limeshonwa kwa cherehani hiyo.

Sherehe hii ingetosha kuishia hapo, kwa pilau na picha. Lakini uongozi, kwa nia njema kabisa, umemwandalia zawadi. Jumatatu iliyopita ofisi iliandika kadi ya daima, ya rangi ya dhahabu, yenye jina lake kamili, ili aingie bustanini wakati wowote bila kiingilio. Hawakumuuliza, walitaka kumshtukiza. Hata mimi sikujua.

Niliijua Jumanne jioni. Nilizima jenereta kama kawaida, gurudumu likiwa tupu, na kibehewa cha kijani kikashuka mpaka mbele ya ngazi, kikatulia. Nilikirudisha juu kwa mkono, kikashuka. Safari hii si uzito wa mtoto. Nilikwenda ofisini kuuliza nani ameandikiwa kadi, nikaonyeshwa, wenyewe wanatabasamu. Jumatano yeye mwenyewe aliniambia kwamba siku hizi akifika nyumbani anajihisi bado amesimama, na chai yake haina ladha. Nilimweleza kila kitu. Aliniuliza kama nimeweka maharage. Nikamwambia sijaweka, na siweki.

Kwa hiyo namwomba Mzee Abdulrahmani asichukie, nanyi ndugu mliohudhuria msishangae. Jumamosi, baada ya hotuba, Bi Kuruthumu atapewa kadi ile ya dhahabu mbele yenu. Ataishika, atamshukuru kila mtu, kisha atatembea nayo hadi langoni. Nitakuwa nimesimama pale alipokuwa akisimama yeye. Naomba msipige makofi kwanza, na watoto wasikaribie gurudumu.

Asante, Bi Kuruthumu, kwa kila jina ulilolitoa salama humu ndani, na kwa lile moja ulilolirudia. Wewe hujawahi kuambiwa maneno yako, kwa sababu daima ulikuwa wa mwisho kuondoka. Nimeyafanyia mazoezi tangu Jumatano. Kadi yako nitaipokea kwa mikono miwili, nitakutazama usoni, nami nitasema: Kuruthumu, umetoka. Nenda nyumbani. Maisha mema yako huko, nje ya lango letu, na sisi tunakutakia uyaishi yote.